Maradhi ya Mashine Yangu

Fundi wetu wa magemu hapa mtaani Amani hufungua kila mashine kwa bismillahi, huinusa kama mchuzi wa jana, kisha husema kwa huzuni: "Chumvi ya bahari hii." Na kipuri cha kubadilisha siku zote kinasubiriwa kutoka Dubai. Yangu ilizimika kuamkia Ramadhani, nikampelekea. Kila nikiiulizia hunipa pole kama mfiwa. Juzi, watu wakisali tarawehe, nikamkuta dukani anaichezea, timu yangu ya humo kwenye gemu inaongoza ligi.

"Nnaijaribu," alisema.

"Kwani imepona lini?"

Akatazama kucha zake. "Haijaumwa, sheikh. Mkeo ndiye aliyeitoa fyuzi, akaniletea, akanambia nisikupe mpaka umalize tarawehe zote."

Msikitini wakaitikia "Amin". Fundi akanisogezea pedi ya pili ya kuchezea. Nikaipokea kwa bismillahi.