Marahaba ya Binti Yangu

Binti yangu alipofika miaka minane, mwalimu wake hapa kwetu Kiuyu alinirudishia daftari lake likiwa jeupe. Darasa lilijaa mpaka mlangoni, simlaumu. Aliniambia kwa upole, "Dada yangu, mtafutie pahala pengine. Hapa anakaa tu."

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Binti yangu ana usonji. Maneno kwake huingia kwa njia yake na kutoka kwa njia yake. Ukimwambia kitu, hukurudishia kilekile, kwa sauti ileile uliyoitumia wewe. Ukimuuliza, "Unataka chai?" atasema, "Unataka chai?" na hapo ujue anataka. Sisi nyumbani tumezoea. Mgeni hudhani anaigwa.

Sasa mfikirie mtoto huyo mbele ya mwalimu mkuu, kwetu Pemba, ambako mtoto hupimwa kwa salamu kabla hajaulizwa jina.

Tulianza na skuli moja ya Chake Chake. Nilisikia ina mwalimu aliyesomea kufundisha watoto kama wangu, na kweli anaye. Mwalimu mkuu, mzee mwenye kofia safi ya kushona kwa mkono, alikaa akingoja kuamkiwa. Binti yangu alikuwa akitazama feni.

"Sema shikamoo," mzee akamwambia.

"Sema shikamoo."

Mzee akacheka kidogo, akataka kumsaidia. "Haya, marahaba."

"Marahaba," akaitika binti yangu, kwa sauti nzito ya mzee mwenyewe, kama bibi aliyeamkiwa na mjukuu.

Karani akaangua kicheko. Mzee hakucheka tena. "Bi mkubwa, mtoto huyu mmemdekeza."

Nikaeleza. Najua kueleza, nimeshaeleza kwa sheha, kwa mawifi, kwa mwalimu wake wa chuo cha Kurani. Nilimwambia hakudharauliwa, amerudishiwa alichokitoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimekufahamu. Mfunzeni adabu kwanza, halafu mleteni."

Nikaomba basi nionane na huyo mwalimu aliyesomea. Nikaambiwa yuko Unguja, kwenye semina. Nilirudi nyumbani. Mtu pekee ambaye nisingehitaji kumweleza chochote yumo skuli ile, na sifiki kwake mpaka mtoto aamkie.

Hapo nikafanya kosa. Siku kumi nzima nilimkalisha binti yangu ukumbini nikamfunza shikamoo, na kila akiisema nikampa kipande cha halua. Akaishika barabara. Akawa anawaamkia kuku, anauamkia mlango. Siku ya kumi na moja nikamuuliza, "Unataka chai?" Akanitazama mkononi, akasema, "Shikamoo." Sikujua tena kama anataka au hataki. Nilikuwa nimemnyang'anya jibu lake. Lilichukua wiki kadhaa kurudi, na hasira niliyokuwa nayo juu ya mzee wa watu nikawa nayo juu ya nafsi yangu.

Ikabaki Msuka, kwa shangazi yangu, ambako tungeweza kuhamia. Skuli ya huko haina aliyesomea chochote kuhusu usonji. Mwalimu wa madarasa ya mwanzo, mwanamke kijana, alituona mlangoni akaanza yeye.

"Hujambo, mwanangu?"

"Hujambo, mwanangu?"

"Mie sijambo, mama."

Binti yangu akaingia.

"Kwenu wazima?" mwalimu akauliza.

"Kwenu wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi. Kaa hapa basi."

"Kaa hapa basi," akasema binti yangu, akakaa.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nieleze. Nikaufunga. Baadaye nikamuuliza, "Umesomea wapi haya?"

"Sijasomea, bi mkubwa. Kaniuliza, nikamjibu."

Kwa hivyo nikachagua. Jamaa zangu mpaka leo wananiambia nimeacha mtaalamu Chake nikaenda kumtupa mtoto Msuka, na siku nyengine nalala nikidhani wana haki.

Siku ya kujaza fomu, mwalimu yule alikuwa amekaa nami ofisini. Nikamuuliza ana muda gani pale.

"Miaka miwili. Ila nimeomba uhamisho, mume wangu yuko Unguja. Nasubiri barua tu. Niombee dua, bi mkubwa."

"Inshaallah," nikamwitikia, kama inavyotakiwa. Kisha nikatia saini, na moyoni namwomba Mungu barua ile ipotee, ikae chini ya faili za watu, angalau mpaka binti yangu amalize darasa la tatu.