Mbao za mwaloni za Zakaria zilivyochemsha chai ya matanga yake

Wakuu, na wajukuu mlio huku, habari zenu. Hii ni yangu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu.

Ilikuwa mtaa wa Mbotela, kwangu. Waliokuwepo: mimi Dorkasi, mjane wa Zakaria. Ainea, ndugu mdogo wa marehemu, ametoka Butere. Rasoa, dada yangu wa tumbo moja. Mama Halima wa mlango wa pili, yeye ndiye alikuwa kwa sufuria. Zakaria mwenyewe alikuwa mochari.

Zakaria alikuwa fundi wa mbao. Kuna nyumba ya mzungu ilibomolewa, akarudi na paneli sita za ukutani, mwaloni mtupu, nyeusi kwa uzee. Alisema zilichongwa Ulaya zamani sana, enzi za yale makanisa ya madirisha yaliyochongoka juu.

Kila paneli ilichongwa kama shuka iliyokunjwa. Ukiigusa, mkono unangoja kitambaa, unakuta mti.

Watu walitaka kununua, akakataa. Alipougua akaniambia, "Dorkasi, hizo ndizo shuka zangu. Zipigiliwe kwa sanduku langu."

Aliniambia mimi peke yangu.

Sasa kwetu mjane anakaa kwa mkeka mpaka mazishi. Hainuki ovyo, hatumi mashemeji.

Siku ya tatu kuni zikaisha. Ainea akazunguka nyuma ya nyumba, pale paneli zilikuwa chini ya gunia.

Nikasikia shoka.

Halafu harufu ikaingia, chachu kidogo kama siki. Harufu hiyo niliifua kwa nguo za Zakaria miaka mingi.

Nikakaa tu. Rasoa akauliza mbona naanza kulia tena, nikasema ni moshi.

Wakaniletea chai. Nikainywa.

Zakaria alizikwa kwa sanduku la kununua, jepesi, la saiprasi.

Nilichojifunza: mgonjwa akikuagiza neno, waambie wenzako mapema. Na ukisikia shoka, inuka. Watasema, watachoka.

Lakini mwezi uliopita Rasoa ameniambia kitu kimeninyima raha. Eti Ainea hakuzichukua kimyakimya. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Mulamwa," yaani shemeji, "hizi mbao za huku nyuma ziko na kazi?"

Na eti mimi nikatikisa kichwa, kwamba hazina.

Ainea naye ameshakufa. Mama Halima alihamia Tassia, sina namba yake.

Majina nina uhakika nayo yote. Hilo la kichwa sina. Kama ulikuwepo siku hiyo, niandikie hapa chini unirekebishe.