Bendera ya Ellinor

Vagn Østerby alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita akiendesha mashua ileile ya watalii, kwenye mfereji uleule, kwa mwendo wa kobe. Mfereji wenyewe ulichimbwa mwaka 1957 na mtunza bustani mmoja wa mji wa Sønderlund, katika shamba lake la viazi. Kandokando yake akapanga vijumba vya mfano wa nyumba za mji wao, kila kimoja hakifiki kiunoni: kanisa, kiwanda cha maziwa, hata choo cha stesheni. Mwanzoni mashua zilivutwa kwa kamba, baadaye zikatiwa mota ya betri. Sharti likabaki lilelile, kijumba kifanane na nyumba yake. Ukipaka mlango wako rangi mpya, Vagn, ambaye ndiye fundi pia, anapaka na wa kijumba. Na mtu akifa, bendera ya kijumba chake inashushwa nusu mlingoti mpaka azikwe, kama ile ya nyumbani kwake.

Miaka tisa nyuma alitengeneza kijumba cha dada yake, Ellinor, pamoja na rangi iliyobanduka na bomba la mvua linaloning'inia. Basi watu wakawa wanacheka kila safari. Ellinor akaja juu.

"Hata aibu huna! Kirekebishe!"

"Mimi naiga ninachokiona," Vagn akajibu, kichwa kigumu kama ukoo wao wote.

Wakanuniana. Kutoka mferejini hadi kwa dada yake ni dakika kumi kwa miguu, na hakuzitembea hata siku moja.

Jumanne moja ya Juni muuza mikate akamwambia kwamba gari la wagonjwa limemchukua Ellinor alfajiri, hajitambui. "Sidhani kama atarudi, maskini." Kesho yake Vagn akasikia mapazia bado yamefungwa, akajua yameisha. Mtu mwenye akili zake angepiga simu hospitali. Yeye alivaa buti za mpira, akaingia majini, akaishusha bendera ya kijumba cha dada yake. Mwanamume mzima, kuomboleza anaweza, kubisha hodi hawezi!

Jumapili mashua ilijaa. Wa mwisho kupanda alikuwa mwanamke mwenye mkono uliofungwa plasta ngumu, akakaa benchi la mbele, uso kwa uso na nahodha. Ellinor. Vagn alitamani mashua izame, lakini maji yenyewe ya magotini. Akaeleza kanisa, akaeleza kiwanda. Kwenye kona ya tatu kijumba cha Ellinor kikatokea.

"Nahodha," Ellinor akauliza, kama mgeni asiyejua lolote, "hapo kafa nani?"

"Da... dada yangu."

"Masikini! Alikuwa anaumwa nini?"

"Sijui."

"Hujui? Kwani hukwenda kumwona?"

"Sikwenda."

"Labda alikuwa anaishi mbali."

Vagn alitazama sakafu ya mashua. Masikio yalimwaka moto. "Dakika kumi," akasema.

Bibi mmoja kutoka mji wa Odense akamshika bega. "Pole sana, baba. Msiba ni mzito."

Pole ile ndiyo iliyomvua nguo. Pole ya mtu mwema, na marehemu mwenyewe anamkodolea macho! Angeweza kuipokea, mashua ikapita, aibu ikabaki baina yao wawili. Akazima mota.

"Usinipe pole, mama. Hajafa, huyu hapa. Niliambiwa anaumwa, nikaogopa kwenda. Kiburi tu. Nikaona kumzika ni rahisi zaidi."

Hakuna aliyecheka. Akashuka majini na viatu vyake vya kazi, akaipandisha bendera mbele ya watu wote, kamba ikinasa mara mbili. Aliporudi, ameloa hadi magotini, Ellinor alikuwa analia bila kujificha.

"Niliteleza bafuni," alisema. "Nikapigiza kichwa, nikavunjika mkono. Nimelazwa siku nne. Wauguzi wakaniuliza, una ndugu yeyote tumpigie simu? Nikawaambia sina."

Vagn akawasha mota, maana nyuma yao mashua nyingine ilikuwa inasubiri kupita.