Mchi wa Mama

Nimefungua chupa ya mafuta ya nyonyo nipake magoti, na harufu yake imenirudisha Tukuyu. Babu alijipaka hayo hayo kila asubuhi, kisha akachuchumaa na kuinuka mara kumi, ameshika nguzo ya nyumba. Siku hiyo kiuno kiligoma akiwa chini. Nilimvuta, nikashindwa. Mama alikuwa hatua chache tu, akitwanga, lakini kwetu mke hamtazami baba mkwe wake, sembuse kumgusa. Aligeukia ukuta, mchi ukanyamaza.

"Mwambie mama yako asiache kutwanga," babu alisema, jasho likimtoka.

Mchi ukaanza tena, taratibu. Kila ulipodunda, babu alipanda kidogo, mpaka akasimama.

Sasa nimechuchumaa, nimeshika mlango. Nyumba iko kimya.