Shangazi wa Chumba cha Programu

Zamani kazi ikiharibika mkubwa alikunja mikono ya shati akaingia nayo. Siku hizi anakunja uso na kuuliza nani kafanya.

Shangazi, kama tulivyomwita wote, alikuwa wa zamani, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Aliliongoza kundi letu la waandishi wa programu katika chumba chenye feni moja na nyaya zinazotambaa sakafuni. Kila asubuhi alituuliza tumekwama wapi, na kujibu alianza yeye.

"Hiki kitu tangu jana kimenishinda. Babu, hebu njoo unitoe ujinga."

"Nikutoe mara ngapi?" nikamjibu. "Ujinga wako wewe ni mkaidi."

Chumba kilicheka, na aliyekuwa anaficha tatizo lake akalitoa.

Ijumaa moja Mkurugenzi alitaka toleo jipya la programu ya hospitali liachiwe siku hiyo hiyo, maana alikwisha kuahidi. Shangazi akakataa: halijajaribiwa. Alipotoka kwenda kikaoni, Mkurugenzi alimwendea Mama Pacha, mwenzetu aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo ya uzazi.

"Bonyeza tu. Au kazi huitaki?"

Akabonyeza.

Jumatatu miadi yote ya wagonjwa ilikuwa imefutika. Watu walijaa kwenye korido za hospitali, wengine wametoka mbali, wamebeba wazazi wao mgongoni, na hakuna daktari aliyejua amwite nani. Shangazi hakumuuliza mtu. Aliketi nasi tukairudisha miadi kutoka kwenye nakala ya akiba, kipande kwa kipande. Kisha tukaitwa.

"Nataka jina la kuweka kwenye ripoti," Mkurugenzi akasema, kana kwamba halijui.

"Chumba ni changu. Andika langu," Shangazi akasema.

"Mama, usijitie ushujaa. Nani alibonyeza?"

"Nimeshakwambia."

Nilifungua kinywa niseme ni nani aliyeamuru. Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa kisigino. Alijua amri ikitajwa, na aliyeitii atatajwa. Mama Pacha alikuwa anatazama meza.

Shangazi akafukuzwa. Aliyeletwa badala yake ametundika ukutani skrini inayoonyesha makosa ya kila mtu kwa jina lake. Sasa hakuna anayekwama. Tunakufa na tai shingoni, "mambo safi, bosi," huku programu inaoza. Mama Pacha mwenyewe hakudumu. Aliacha kazi kabla wanawe hawajaanza kutembea. Kwa hiyo hata kile alichokilinda Shangazi hakikubaki.

Mara ya mwisho kuwaona wawili hao pamoja ilikuwa siku ile ile ya kufukuzwa, mbele ya lifti. Shangazi alikumbatia katoni ya vitu vyake. Mama Pacha alimfuata akilia.

"Shangazi, mimi..."

"Nizuilie mlango kwanza, mikono imejaa. Watoto wameacha kuharisha?"

"Mmoja bado."

"Basi unafanya nini hapa? Nenda nyumbani."

Akaingia. Mama Pacha aliendelea kuushika mlango, mpaka lifti ikaanza kupiga kengele, ndipo Shangazi akaishusha katoni, akamwondoa mkono taratibu.