Jina la Mama Yake Rehema

Asubuhi nilimnunia Rehema. Sasa hivi namshukuru mbele yenu wote.

Leo tulikuwa tunawasha mfumo wa kompyuta tuliouunda wa kuagiza vitenge kwa duka moja la jumla hapa Kariakoo. Mwenye duka, Mama Shirima, alishawaambia wateja wake wa Mwanza na Shinyanga waanze kujisajili.

Mimi nikasema tuko tayari. Nilishajaza fomu mwenyewe, ikakubali.

Rehema, mwenzangu kazini, akasema, "Subiri. Kontrola, ile sehemu ya programu inayopokea na kukagua taarifa za mteja, haina testi hata moja ya kuijaribu. Ngoja niandike."

Nikanuna. Yeye akaandika.

Testi zote zikapita, isipokuwa moja. Nyekundu kabisa.

"Testi yako ina makosa," nikamwambia.

"Nimeweka jina la mama yangu tu," akajibu. "Ng'washi."

Nikarudi kuangalia nilichoandika. Kwenye jina nilikuwa nimeruhusu herufi peke yake. Kile kialama cha juu kwenye Ng' kilikuwa kinakataliwa. Mteja wa Mwanza mwenye jina kama hilo angeambiwa jina lake si sahihi.

Jina lake mwenyewe, jamani.

Nikarekebisha, testi ikawa kijani, tukawasha. Usajili unaendelea vizuri.

Mchana Rehema akampigia mama yake simu, nikaiomba.

"Shikamoo mama. Nashukuru sana."

"Marahaba mwanangu. Unashukuru nini?"

Nikamwambia tu amelea vizuri.

Wenye Ng' kwenye majina, mifumo huwa inawafanyaje? Nisimulieni hapa chini, niwaandikie testi.