Jogoo Kakaguliwa, Nyumba Je?

Juzi, katika ofisi ya kijiji pale Shelui, nilimkuta mzee mmoja akinunua nyumba ya vyumba sita ili aipangishe. Fundi seremala aliyeitwa kuwa shahidi akamsogelea.

"Shikamoo mzee. Kabla hujasaini, nipe nusu saa nipande darini. Nahisi mbao za paa zina mchwa."

"Nyumba si hiyo imesimama? Unataka kukagua nini?"

Mara mama muuza kuku akapita mlangoni. Mzee akaweka kalamu chini, akamshika jogoo, akamwinua bawa, akampuliza manyoya, akampapasa kidari.

"Huyu anaumwa, mama. Mrudishe."

Kisha akasaini.

Msiniambie hajui kukagua. Jogoo angemla mwenyewe. Chini ya lile paa watalala wapangaji.